Pua ya Fundi wa Dari

Gari lisilovikwa dari hupiga kelele kwa kila jambo. Barabara ikiwa mbovu linanguruma, mvua ikinyesha waliomo ndani huacha kusemezana mpaka ipite. Jua la Kumasi likilichoma tangu asubuhi, ifikapo adhuhuri mtu hawezi kuweka kichwa chake karibu na bati. Kwaku Anane alikuwa ameifanya kazi ya kunyamazisha na kupoza magari kwa muda mrefu kuliko fundi yeyote wa kichochoro chake pale Suame Magazine, mtaa wa magereji. Watu walikuwa wakisema kwamba akimaliza gari, hata mke mgomvi akipanda humo atasikika kama anazungumza nyumba ya tatu. Anane hakuupenda mzaha huo. Alisema kazi yake ni joto kwanza na kelele baadaye.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye vidole vilivyobabuka kwa gundi, na hakuwa na haraka. Alivua vizuia jua, vishikio, taa ya ndani na mipira ya milango, kisha akalishusha dari zima na kulitoa kwa mlango wa nyuma bila kulikunja. Bati lilipobaki uchi alilifuta kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Hapo ndipo alipobandika vipande vya mpira mzito wenye mgongo wa karatasi ya fedha, akavisugua kwa rola ya mbao hadi viduara vilivyochorwa juu ya fedha vifutike vyote. Penye kiduara pana hewa, na penye hewa mpira utakuja kubanduka. Juu ya mpira iliwekwa sponji ya kukinga joto, na juu ya sponji likarudi dari lenye kitambaa kipya. Mafundi wengine walijaza mpira bati zima ili mteja aone wingi. Anane aliacha nafasi. "Unamvika mtu koti," alisema, "humziki."

Lakini jina lake halikujengwa na rola. Lilijengwa na kipimo cha adhuhuri.

Mpira wa kweli haunuki hata ukichemka. Wa bandia, uliochanganywa na lami ya kuezekea nyumba, hunuka kama barabara mpya, na ukiwekwa kwenye paa la gari hulainika, hutona, na kuwatia kizunguzungu abiria. Kwa macho ni vigumu kuutofautisha. Kwa hiyo, kabla ya kubandika, kipande kilianikwa juu ya boneti wakati wa jua kali, na mteja akaitwa. Mwanagenzi alinusa kwanza, kama mtoto anavyotumwa kuonja mchuzi. Kisha fundi mwenyewe aliinama, akavuta pumzi, akatoa neno. Mteja hakunusa. Kunusa baada ya fundi kulikuwa ni kumwambia mbele za watu kwamba ni mwongo, na pale Suame hakuna aliyelifanya jambo hilo akategemea kuhudumiwa tena.

Pua ya Anane ilikuwa imekufa kwa miaka kadhaa.

Haikufa kwa siku moja. Gundi iliila kidogo kidogo, na yeye hakugundua mpaka jioni moja alipokuwa ameketi kwenye kigoda kando ya jiko la mkewe, Dufie, ambaye alikuwa ameenda kuteka maji. Sufuria ya mboga ya majani ya magimbi iliungua mpaka harufu ikawatoa majirani vyumbani. Dufie alikuja mbio.

"Kwaku, umelala?"

"Niko macho."

"Uko macho, na nyumba nzima inanuka kama inateketea?"

Dufie alimtazama, akaenda kwenye kikapu chake, akarudi na kitu mkononi. "Funga macho. Hiki nini?"

Anane alivuta pumzi. "Sabuni," alibahatisha.

Ilikuwa momone, samaki aliyevundishwa ambaye harufu yake hubisha hodi kabla ya aliyembeba. Dufie alianza kucheka, akaona uso wa mumewe, akaacha.

"Usimwambie mtu," Anane alisema.

"Nimwambie nani? Kwamba mume wangu amegeuka kinyago, ana pua ya kuangaliwa tu?"

Daktari alimweleza kwamba kilichokufa hakitarudi, na kwamba aachane na gundi. Anane alimshukuru, na kesho yake akaenda kazini.

Aliweza kuendelea kwa sababu ya Baafi. Baafi alikuwa mtoto wa dada yake, na kwa Waashanti mtoto wa dada ndiye mrithi. Anane alimchukua akiwa kijana mdogo akamfundisha kazi. Kila kipimo cha adhuhuri Baafi alinusa kwanza. Alikuwa na uso usioweza kuficha kitu: akikuta lami, pua zake zilijikunja na mdomo ukaenda upande. Anane hakumuuliza kitu. Alimtazama usoni, kisha naye akainama, akavuta pumzi ndefu, akatoa neno. Hakukosea hata mara moja, na Baafi hakujua kwamba alikuwa akisomwa.

Tatizo ni kwamba mwanagenzi hafundishwi milele. Akiiva, fundi wake humwachilia mbele ya chama cha mafundi: hunywewa pombe kidogo, nyingine ikamwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia, kijana akamwagiwa poda kichwani na mabegani, na kuanzia hapo anaweza kutoa neno lake mwenyewe. Asiyeachiliwa haruhusiwi kufunika dari la mtu. Dada yake Anane alikuja kumwombea mwanawe, akarudi tena, na kila alipokuja jibu lilikuwa lile lile.

"Bado mkono wake mzito."

"Mzito kwa nini, kaka? Wenzake wote wana vibanda vyao."

"Wenzake walifundishwa na wenye haraka."

Vijana wa kichochoroni walipata la kusema. "Baafi, poda yako itachanganyika na mvi," walimwambia. "Sisi tutajuaje kama imemwagwa au umezeeka tu?" Alicheka nao, akaoa, akapata watoto wawili, bado akiitwa mwanagenzi. Mwishoni mwa msimu wa vumbi alikunja nguo zake za kazi, akaziweka juu ya meza ya mjomba wake.

"Mjomba, nimekaa kwako mpaka nimekuwa baba. Kama mkono wangu ni mzito, nitaubeba mwenyewe."

Alikwenda kujibanza chini ya kibanda cha mchomeleaji, upande wa pili wa kichochoro, akishona vifuniko vya viti, kazi ambayo haikuhitaji kuachiliwa na mtu. Walikuwa wakionana kila siku na kusalimiana kama majirani.

Hapo ndipo alipokuja Madam Boatemaa na gari lake la viti saba. Alikuwa mkubwa wa wanawake katika ukoo wake, na kila Jumamosi aliwapeleka vikongwe wa ukoo kwenye mazishi: Jumamosi hii Mampong, ijayo Bekwai, nyingine Ejura.

"Fundi, nasikia unaweza kunyamazisha gari."

"Gari ndiyo, Madam. Waliomo siwezi."

"Hao ndio hasa. Joto likiwapanda kichwani wanaanza kugombania mashamba ya marehemu kabla hatujamzika. Na kelele ya bati inawafanya wapaze sauti, mpaka madereva wengine wananiangalia."

"Dari nitakuvisha. Mashamba watagawana kwa sauti ya chini."

Madam alicheka, akamwachia ufunguo.

Muuzaji ambaye Anane alimzoea hakuwa na mzigo wiki ile, hivyo fundi akaenda kwa mwingine, mgeni. Alikata kipande kwenye jora la mpira, akaupima kwa kidole, akauvuta: ulivutika vizuri, haukukatika kama lami. Wadanganyifu walikuwa wameanza kuchanganya lami na mpira wa matairi ya zamani, na vidole, ambavyo Anane alivitegemea sasa kuliko kitu kingine, vilidanganyika. Ilibaki harufu. Alikuwa na mwanagenzi mpya wakati huo, lakini kijana huyo alikuwa na mafua, na uso wake haukusema kitu.

Adhuhuri kipande kilianikwa. Madam Boatemaa alisimama kando na mwavuli. Mpaka rangi wa jirani alikuwa akipulizia gari, mchomeleaji alikuwa akichoma, harufu zilikuwa nyingi. Baafi alivuka kichochoro akiwa na sindano mdomoni, akapita karibu na boneti, akapunguza mwendo kidogo. Anane hakumwona. Alikuwa ameinama, macho yamefungwa, akivuta pumzi ndefu kuliko kawaida yake, kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha mahali.

"Safi," alisema.

Kazi ilichukua siku mbili, na ilikuwa nzuri. Madam aliendesha mpaka barabara kuu, akarudi akipiga honi kwa furaha.

Mambo yaliharibika Ejura. Gari lilikaa uwanjani juani siku nzima ya mazishi, na Jumapili, vikongwe walipopanda kwenda kwenye ibada ya shukrani na nguo zao nyeupe, mmoja alitapika kabla ya kufika kanisani na mwingine akatonewa na kitu cheusi begani. Jumatatu asubuhi Madam Boatemaa alimkabidhi Anane kitambaa cheupe cha kikongwe yule, chenye doa jeusi la ukubwa wa jani.

"Fundi, hii ni nini?"

Mikono ilimtangulia akili. Anane alikiinua kitambaa mpaka puani, akavuta pumzi, akasema: "Ni girisi ya bawaba, Madam. Mlango ulipakwa nyingi."

Mpaka rangi aliyekuwa hatua kadhaa kutoka pale aliacha kazi akamtazama. Gari lilikuwa nyuma yao, milango wazi, na kila aliyepita alikuwa akishika pua.

"Girisi," Madam alisema taratibu. Alichukua kitambaa chake, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Nsowah, mwenyekiti wa mafundi wa dari.

Pale Suame fundi anayeshitakiwa kwa kutoa neno la uongo haapishwi. Huambiwa alirudie neno lake: apimishwe mbele ya wenzake, adhuhuri, kwa jua. Akishinda, mteja ndiye aombe radhi. Akishindwa anavuliwa rola. Hatafunika tena dari la mtu, na hawezi kumwachilia aliyejifunza kwake, kwa kuwa jina lake halina tena cha kutoa. Anane aliyajua yote hayo. Alikuwa amekaa upande wa wazee mara nyingi akiwaangalia wengine wakipimishwa.

Asubuhi ya siku yenyewe Dufie alimwekea mezani ampesi, viazi vikuu vya kuchemsha. Hakula.

"Waambie pua imekufa," Dufie alisema. "Sema wewe kabla hawajaona. Watakuhurumia."

"Huruma haibandiki dari."

"Na Baafi? Ukivuliwa, naye amekwisha. Hilo umelifikiria?"

"Nimelifikiria ndiyo maana sitashindwa. Nikitoka pale namwachilia leo hii hii. Nimeshanunua na chupa ya pombe."

"Umenunua chupa," Dufie alisema. "Miaka yote hiyo ulikuwa unasubiri duka lifunguliwe?"

Aliichukua chupa, akaondoka.

Vipande viwili vilikuwa vimeanikwa juu ya boneti nyeusi, kimoja kushoto, kimoja kulia. Mafundi walisimama nusu duara, Madam Boatemaa akiwa kwenye kiti alicholetewa. Mzee Nsowah alikuwa mtu wa maneno machache, aliyejulikana kwa kutokasirika.

"Kwaku Anane, neno lako."

Anane aliangaza macho mpaka akamwona Baafi. Alikuwa amesimama upande ambao upepo ulikuwa ukielekea, mikono nyuma. Anane alisogelea kipande cha kushoto, akainama, na kabla ya kuvuta pumzi aliinua macho. Pua za Baafi zilijikunja. Mdomo ukaenda upande.

Anane alivuta pumzi ndefu. Alisimama wima.

"Hiki ni lami," alisema. "Kile pale ni safi."

"Kile hujakinusa," Mzee Nsowah alisema.

Anane alikwenda kulia, akainama, akavuta pumzi. Aliinua macho tena, lakini Baafi alikuwa ameinamisha kichwa akiangalia chini, na hakukuwa na uso wa kusoma. Ilimbidi aseme kitu.

"Safi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa mafundi alikohoa, akageuka upande. Mzee Nsowah alikichukua kipande cha kulia kwa ncha za vidole, akakiweka juu ya kile cha kushoto.

"Vyote viwili ni lami, Anane. Vimekatwa kwenye jora lile lile ulilomfungia Madam. Aliyesimama kule kwenye kona anasikia harufu."

Anane alitazama vipande vile. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba pua yake haifanyi kazi.

"Tangu lini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Baafi. Haikuwa desturi mtu asiyeachiliwa kusema mbele ya chama, lakini hakuna aliyemzuia.

"Kabla mama yako hajaja kuniomba mara ya kwanza."

Baafi alilipanga jambo hilo kichwani. "Kwa hiyo ulikuwa unaniangalia mimi."

"Ndiyo."

"Hata sasa hivi."

"Ndiyo."

"Na mkono wangu?"

"Mkono wako haujawahi kuwa mzito, Baafi. Ulinipita zamani."

"Siku ile ya gari la Madam nilipita pale," Baafi alisema. "Niliisikia lami. Halafu ukasema safi. Nikajiambia, labda Mjomba yuko sahihi, labda kweli mimi bado."

Anane alimgeukia mwenyekiti. "Mzee, niko chini ya miguu yenu. Rola ichukueni. Ila niacheni nimwachilie kwanza huyu. Chupa ninayo. Dakika chache tu, kisha mnivue."

Mzee Nsowah aliwatazama wazee wenzake. Walitikisa vichwa kukataa, mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alifanya hivyo kwa shida.

"Ungekuja jana, tungekunywa nawe," mwenyekiti alisema. "Ungekuja hata asubuhi ya leo. Umekwisha kutoa neno, na neno limeanguka. Tukikubali sasa, poda hiyo kila mtu atajua ilitoka kwa nani. Wateja watamkimbia yeye kwanza." Alimgeukia Baafi. "Kuna Fundi Adomako. Nitamwambia akupokee. Utaanza upya kwake, kama desturi."

"Kuanza upya," Baafi alisema. "Kufagia na kutumwa maji, Mzee? Mwanangu wa kwanza anasoma sasa. Nimwambie natumwa maji?"

"Sina njia nyingine."

"Basi asante." Aliinama kidogo kwa heshima, akaondoka bila kumtazama mjomba wake.

Kabla ya mwisho wa wiki mchomeleaji alikuwa ameweka mitungi yake ya gesi mahali Baafi alipokuwa akishonea. Ilisemwa kwamba Baafi amekwenda Obuasi kupakia mbao. Mama yake alimtumia Anane ujumbe mmoja tu, kupitia kwa Dufie: siku akifa dada yake, asije kumzika.

Chama kilimwachia Anane jukumu moja. Lami yote aliyoiweka kwenye gari la Madam Boatemaa aitoe mwenyewe, mpaka bati lisafike, ndipo fundi mwingine alivishe. Alijilaza chali juu ya viti, kitambaa kichwani, akikwangua kwa patasi na kufuta kwa mafuta ya taa. Lami ilikuwa imelainika, ikivutika kama ubani wa kutafuna, ikidondoka kwenye shingo na kwenye nywele za mikono. Kila alipodhani amemaliza kona moja, vidole vilikuta utando mwembamba. Aliweza kuhisi unata. Kilichokuwa kimezama kwenye maungio ya bati, mahali vidole havifiki, hakuwa na namna ya kukijua. Mwanagenzi mwenye mafua alikuwa amehamishiwa kwa fundi mwingine, na wapita njia hawakusimama.

Siku ya tatu Madam Boatemaa alikuja. Hakuwa na hasira tena. Alikuwa na uchovu wa mtu mwenye mazishi mengine ya kwenda.

"Limekwisha, fundi?"

Anane alitoka garini taratibu, akajifuta uso kwa mkono mchafu. "Sijui, Madam," alisema. "Ingia wewe, funga mlango, ukae kidogo. Uniambie."

Madam alimwangalia, akaweka mkoba wake juu ya boneti, akaingia. Alifunga mlango. Kwa nje Anane alimwona ameketi wima, mikono mapajani, kama aliye kanisani. Kisha akafungua.

"Bado," alisema.

Anane alichukua patasi, akarudi ndani.